Mtani wa Kumhamisha Mwanaidi

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mzee Laurenti ni kamba. Nyumbani kwake kila kitu kilikuwa kimefungwa. Sufuria zilifungwa pamoja na mwiko, godoro lilikunjwa likafungwa, jembe na panga vilifungwa ubavu kwa ubavu, na kuku wake mmoja alifungwa mguu kwenye tendegu la kitanda. Aliponikaribisha chai alifungua sufuria moja, akachemsha maji, akanimiminia, akaisuuza, kisha akaifunga tena mbele ya macho yangu. Vidole vyake vilipiga fundo bila yeye kutazama.

"Unasafiri, mzee?" nilimwuliza.

"Mimi? Siendi popote. Ninyi ndio mnaonisafirisha." Aliketi taratibu juu ya kinu kilichopinduliwa. "Operesheni Vijiji ilipotuleta hapa nilifungua mizigo yote. Nikapanga, nikapigilia na misumari ya kutundikia nguo. Misumari haijashika kutu, mmekuja ninyi na vigingi. Basi nimefunga. Nimechoka kufungua."

Ilikuwa Januari mwaka 1976. Nilikuwa nimetoka Chuo Kikuu miezi michache tu, nikaajiriwa katika ofisi ya mipango, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufuatana na wapimaji wa bwawa bondeni chini ya Mashewa na kusikiliza maoni ya wananchi. Mpango wenyewe ulikuwa mkubwa: kujenga ukuta wa kuuzuia Mto Lwengera, kisha kuyachukua maji yake kwa mfereji, pampu na mabomba hadi Handeni, mpaka Kwamsisi huko mwisho. Aliyewahi kuwaona wanawake wa Handeni wakirudi adhuhuri na ndoo walizoondoka nazo majogoo hatauliza bwawa ni la nini. Niliuamini mpango ule kwa moyo wangu wote, na ninauamini bado. Lakini katika kijiji kile, ambacho watu walikiita Bondeni tu, niliona pia jinsi mpango unavyomwangukia mtu mmoja, na mtu huyo ni Mzee Laurenti.

Alizaliwa Unyamwezi, akaletwa Korogwe akiwa kijana, mmoja wa manamba waliosombwa kwa garimoshi kuja kukata mkonge. Alihamishwa kambi hii na ile kadiri mashamba yalivyokatwa. Uhuru ulimkuta katikati ya mistari ya mkonge. Aliniambia kwamba siku ile waliimba mpaka sauti zikakauka, na kesho yake wakaamka kukata kama kawaida, ila msimamizi alikuwa ameanza kuwaita "ndugu". Baadaye bei ya mkonge ilianguka, shamba lao likafungwa, na wenzake wengi wakarudi kwao. Yeye alishuka bondeni, akafyeka kipande cha msitu kando ya mto, akajenga. Hapo ndipo alipompata Mwanaidi.

Mwanaidi alikuwa Mzigua wa Kwamsisi. Alikuja Mashewa kumuuguza mjomba wake, akaona mto unapita nyuma ya nyumba za watu mchana kutwa, bure, na hakuna anayeutazama. Siku Laurenti alipopeleka posa, wajomba walinuna. Mnyamwezi, manamba, tena Mkristo! Mwanaidi mwenyewe ndiye aliyejibu kutoka ndani: "Mwanamume mwenye mto nyumbani kwake anafaa, hata akiwa Mnyamwezi." Laurenti akasilimu, akapewa jina la Ramadhani, ambalo hakuna aliyelitumia hata mwaka ule. Na usiku wa harusi bibi arusi alimwomba ahadi moja tu: asimrudishe kamwe kwenye njia ya maji, ile ya kutembea na ndoo kutwa.

"Nikamwahidi," Mzee Laurenti aliniambia. "Ilikuwa ahadi rahisi. Mto ulikuwa hapo."

Hawakujaliwa mtoto. Mwanaidi alifariki mwaka wa Operesheni, wiki chache baada ya watu kuhamishiwa kijijini, akazikwa kwenye kilima cha makaburi juu ya mto. Na kilima hicho ndicho wapimaji walichokihitaji.

Mkutano ulifanyika mbele ya ghala la kijiji. Mhandisi wetu, Bwana Hiza, kijana mpole wa Lushoto ambaye vumbi la bondeni lilikuwa limemkausha midomo, alieleza kwa uangalifu mkubwa. "Serikali itaugeuza mto huu," alisema, "ili ndugu zetu wa Handeni nao wapate maji."

Mzee Laurenti alinyoosha mkono. "Mimi wangu naugeuza kila usiku, bwana mhandisi. Upande huu, upande huu, na usingizi haupatikani. Ninyi mkiugeuza mtalala?"

Watu walicheka, maana wote walielewa kwamba anasema mto wa kulalia. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Athuman Mhina, Mzigua mwenye ndevu chache na ulimi mwingi, akamrukia: "Kaa chini, we mla panya! Tangu lini Mnyamwezi akawa na mto? Si mnalalia mawe huko kwenu?"

"Mawe ni baridi, mwenyekiti. Afadhali jiwe kuliko kichwa cha Mzigua, hakina hata ubongo wa kulainisha."

Hawakuwa wakigombana. Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu misafara ya mababu, na utani huo una kazi yake. Mzigua akifa, si ndugu zake wanaochimba kaburi wala kutangulia mbele ya jeneza, ni mtani. Yeye humtukana marehemu mbele ya kilio, humwigiza alivyotembea na alivyokula, mpaka waliofiwa wanacheka huku wanalia. Bondeni waliamini kwamba maiti asiyetaniwa haondoki. Mwili utachukuliwa, yeye atabaki. Wanyamwezi wengine wote walikuwa wamekwisha kurudi kwao. Mtani aliyebakia kijijini ni mmoja, naye ni Laurenti.

Bwana Hiza alisubiri kicheko kiishe, kisha akasema jambo lililomleta. Kilima cha makaburi ndicho kitakachobeba ncha moja ya ukuta. Lazima mwamba wake utobolewe kabla ya masika, ijulikane kama ni imara. Kwa hiyo makaburi yahamishwe.

Mzee Athuman aliuliza, "Na ukitobolewa ukaonekana si imara?"

"Tutatafuta mahali pengine, mzee wangu."

"Na hawa tuliowafukua?"

Bwana Hiza alivua kofia yake. Nilimheshimu kwa sababu hakudanganya. Alisema tu kwamba bila kupima, hakuna bwawa, na kwamba ana vibarua kutoka mjini wanaoweza kufanya kazi hiyo kwa heshima.

"Vibarua!" alifoka mama mmoja kutoka nyuma. "Kibarua wa Korogwe atamtukana nani hapa? Anamjua baba yangu?"

Hivyo macho yote yakamgeukia Mzee Laurenti. Mwalimu wa chuo cha Kurani alisimama akasema kwamba kwa dharura ya maji ya watu, kuhamisha kunaruhusiwa. Wazee wakanong'onezana, wakakubaliana. Kilichobaki ni mtani. Yeye alijikuna goti, akatazama kilimani, akasema, "Nitawatoa. Wote nitawatoa. Mwanaidi mtaniachia."

"Mwanaidi naye yuko pale pale katikati," Mzee Athuman alisema kwa sauti ya chini.

"Nimesikia. Mtaniachia."

Kazi ilianza Jumatatu iliyofuata, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Sijawahi kuona kitu kama kile. Sheikh alisoma dua, ndugu wa marehemu wakasimama mbali na vitambaa vipya vya marekani vya kuwa sanda, na Mzee Laurenti akatangulia na jembe.

"Amka, Sadala!" alipiga kelele juu ya kaburi la kwanza. "Maisha yako yote ulikuwa mvivu, na leo Serikali imekuja imekukuta umelala. Huoni haya? Wenzako wanajenga taifa!"

Wajane walifunika nyuso kwa kanga, mabega yakitikisika.

"Toka, bibi! Ulisema huhami kamwe, ukaona ukifa utaikwepa Operesheni? Umekwama! Hata kuzimu kuna balozi wa nyumba kumi!"

Hata Katibu Kata, aliyekuja kushuhudia, aligeukia pembeni acheke. Na mifupa ikatoka kwa utaratibu, ikakunjwa katika nguo nyeupe, ikabebwa kwenda kwenye makaburi mapya kule juu karibu na barabara. Jioni Mzee Laurenti alikuwa akirudi nyumbani akijikokota, ameishiwa maneno. Siku moja nilimkuta amekaa barazani, chakula chake cha unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, kimepoa mbele yake. Aliniambia kwamba mkonge haukuwahi kumchosha hivyo. "Kukata mkonge unachoka mikono," alisema. "Huku ninachoka kucheka."

Wiki iliyofuata kilima kilikuwa kimekwisha, isipokuwa kaburi moja. Mashine ya kutobolea mwamba ilikuwa imeshafika kutoka Korogwe, imeegeshwa mtoni chini ya turubai, na Bwana Hiza alikuwa akitazama mawingu yaliyoanza kujikusanya juu ya Usambara. Mzee Athuman aliongoza wazee kwenda kwa Laurenti.

"Mtani," alisema, na safari hii hakuwa akitania, "Mwanaidi alikuwa Mzigua. Wewe Mnyamwezi. Haki unayo. Mtoe kama ulivyowatoa wengine, tumalize."

"Utani wetu uliisha siku niliyomwoa."

"Utani hauishi."

"Kwa mke unaisha. Alipokufa, nani alimtania? Si Kaleb, mwenzangu wa mkonge? Mimi nilikaa mkekani na wafiwa, nikalia, mkaniona. Sasa mnataka nisimame upande gani?"

Lakini walikuwa wamechoka wote, na uchovu una namna yake ya kusukuma. Asubuhi ya pili Mzee Laurenti alipanda kilimani na jembe. Sisi tulifuata nyuma. Alisimama juu ya kaburi, akavuta pumzi kama alivyokuwa akifanya kwa wengine, akafumbua mdomo.

"Amka, Mwanaidi," alisema.

Ilitoka kwa sauti ndogo, sauti ya mtu anayemwamsha mkewe alfajiri na hataki kumshtua. Tukangoja tusi. Halikuja. Mzee Athuman, aliyekuwa na majibu kwa kila mtu, aligeuka akatazama mto. Baada ya muda Mzee Laurenti aliweka jembe chini kwa uangalifu, akateremka kilima, na hakuna aliyethubutu kumwita.

Jioni ile Bwana Hiza aliniambia kwamba pako mahali pengine pa kujenga ukuta, juu zaidi mtoni, ambapo kilima hiki hakihitajiki. Ila bonde la huko ni dogo. Maji yatafika Handeni mjini na vijiji vichache, basi. Hayatafika Kwamsisi. Alisema hivyo bila hasira, akikunja ramani.

Sijui habari zilisafirije, lakini siku chache baadaye Bi Swaumu aliingia Bondeni. Ni dada mkubwa wa Mwanaidi, mwanamke mwembamba aliyekuja kutoka Kwamsisi kwa lori la mahindi na sehemu nyingine kwa miguu. Kabla ya salamu kwisha aliomba maji. Mzee Laurenti akafungua kamba ya kata, akachota mtungini, akampa. Akanywa kata tatu mfululizo, akaitazama ya nne ndani yake, maji meupe, unaona mpaka chini.

"Shemeji, na mnaoga kwa haya haya?"

"Tunaoga."

"Mara mbili kwa siku?"

"Hata tatu, mtu akipenda."

"Mungu anawaona," alisema Bi Swaumu, akanywa na ile ya nne. Kisha akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga. "Nimesikia umeketi juu ya mdogo wangu kama kuku juu ya yai."

"Nilimwahidi, shemeji. Nilimwahidi sitamrudisha kwenye njia ya maji. Na huyu bwana mwenye darubini anataka nimtembeze, na kesho mwamba ukiwa mbovu atembezwe tena. Mimi nimehamishwa tangu ujana. Sikuwahi kuulizwa. Yeye nilitaka alale."

"Basi mlete kwetu."

Mzee Laurenti alimtazama kama mtu asiyesikia vizuri.

"Kwamsisi," Bi Swaumu alisema. "Alale kando ya mama. Huku mkihama kila mwaka nani atamfagilia? Hivi hivi nyumba yako nayo ina kigingi mlangoni, nimekiona wakati naingia."

"Alikimbia huko. Alikimbia kiu."

"Alikimbia kuchota, shemeji. Atachota nini sasa? Atakuwa amelala. Na bwawa likijengwa, maji yatamfuata huko huko."

"Na lisipojengwa?"

Bi Swaumu aliigeuzageuza kata mkononi. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini na nilitamani kusema kwamba litajengwa, kwamba mpango umepitishwa, kwamba Taifa limeamua. Nilifumba mdomo. Alikuwa mwanamke wa miaka mingi, na tangu mwaka wa Uhuru alikuwa ameambiwa kwamba maji yanakuja.

"Lisipojengwa," alisema hatimaye, "tutaendelea kuchota, kama tulivyochota kabla hujafika wewe. Na yeye atakuwa pamoja nasi. Unadhani sisi tuliobaki kule si watu? Kila nikipita na ndoo najiambia, mmoja wetu alipona. Sasa wajukuu zangu nao wanapita na ndoo, na nasikia bomba litaishia njiani kwa sababu ya kaburi la mdogo wangu. Yeye angekubali hilo? Wewe uliyelala naye, niambie."

Mzee Laurenti aliinamisha kichwa. Kuku alikuwa akidonoa kamba ya mguuni kwake na hakuna aliyemfukuza.

"Asingekubali," alisema. "Angenitukana."

"Basi."

"Lakini mimi siwezi kumtoa, shemeji. Nilijaribu. Lazima atukanwe, na mimi matusi yake sina. Nikimfukua bila utani atabaki kilimani peke yake, na mashine inamtoboa." Akaanza kuhesabu kwa vidole majina ya Wanyamwezi aliokata nao mkonge, wale waliokufa, wale waliopotea, mpaka akafika kwa mmoja akabaki ameshika kidole hicho. "Kaleb. Yule aliyemtania alipokufa. Alikwenda kwao baada ya mazishi. Yuko Urambo."

"Atakuja?"

"Alimpenda sana Mwanaidi. Alimwita chura, kwa kupenda kwake maji."

Ujumbe ulipelekwa kwa mdomo. Mzee Laurenti alimjua fundi mmoja wa reli stesheni ya Korogwe, fundi akamwambia mlinzi wa treni, na mlinzi akamwambia mwenzake wa reli ya kati. Kwa kweli sikutarajia lolote. Lakini haikupita muda mrefu jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo, likiwa limepita midomo ya watu sijui wangapi na bado lina matusi ndani yake: Kaleb anasema mwambieni yule chura anioshee miguu, nakuja.

Bwana Hiza alikubali kungoja. Alisema mvua ikitangulia kabla ya mashine kupanda kilimani, gari halitapita, na itabidi achague kule juu, Kwamsisi ikose. Alimweleza Mzee Laurenti wazi kabisa, na mzee akamshukuru kwa kumweleza.

Treni ya Jumatano ilifika stesheni ya Korogwe bila Kaleb. Mzee Laurenti alisimama jukwaani mpaka behewa la mwisho likapita, kisha akaketi juu ya gunia la mtu, akalala papo hapo ameketi. Bi Swaumu alikataa kurudi Bondeni. Walilala kwa jamaa wa fundi wa reli, na mimi nikaenda kununua kitambaa cha marekani ambacho Bi Swaumu alikichagua mwenyewe, akikipima kwa mkono na kukirudisha, akikipima tena.

Leo ni Jumamosi. Ninaandika haya nikiwa nimekaa kwenye benchi la stesheni. Tangu asubuhi mawingu yameshuka mpaka yamefunika nusu ya milima, na upepo una harufu ya udongo uliolowa mahali fulani si mbali. Karani wa stesheni ametoka dirishani mara mbili kusema treni imezuiliwa stesheni ya Mruazi, haijulikani kwa nini. Gari letu liko nje, dereva amekwisha kuliwasha na kulizima. Bondeni, Mzee Athuman na wazee wameketi kilimani na majembe, wakingoja.

Mzee Laurenti hajakaa leo. Amenyoa ndevu. Anatembea kutoka mwisho mmoja wa jukwaa hadi mwingine, akisimama kila anapofika ukingoni kuchungulia kule reli inakopotelea kwenye mashamba ya mkonge.

"Ana sura gani huyo Kaleb wako?" Bi Swaumu amemwuliza sasa hivi.

"Mfupi. Ana pengo la meno ya mbele. Utamsikia kabla hujamwona."

"Na atamtukana vizuri?"

"Atamtukana mpaka wewe uone haya, shemeji."

"Afadhali," amesema Bi Swaumu, akijifunga kanga upya kiunoni. "Aje basi. Aje huyo mshenzi."

Wamesimama sasa bega kwa bega kwenye ukingo wa jukwaa. Watu wengine nao wameanza kunyanyuka na mizigo yao, kwa maana mmoja amesema amesikia honi upande wa Mruazi. Mimi sijaisikia. Mzee Laurenti ameinua mkono ili tunyamaze, kichwa amekiinamisha upande, anasikiliza.